Pindua Betri Utazame Kitako

Sokoni Kibuye, Kisumu, mama anayejua kununua omena haridhiki kwa kuona gorogoro limejaa hadi juu. Hulipindua kwanza atazame kitako, maana mkebe uliobonyezwa kwa ndani hujaa upesi, na mnunuzi anapunjwa bila muuzaji kusema uongo hata mmoja. Sasa pikipiki na skuta za umeme zinauzwa mjini humu humu, muuzaji anagonga betri kwa kidole na kusema, "Hii ni arobaini na tano," nasi tunaitikia. Arobaini na tano ya nini? Hatuulizi.

Ni ampea-saa, zile zinazoandikwa Ah. Betri ya Ah 45 inaweza kutoa ampea 45 kwa saa moja, au ampea 9 kwa saa tano. Lakini namba hiyo peke yake haisemi umeme huo unasukumwa kwa nguvu gani, na msukumo ndio volti. Chukua pawabenki ya simu iliyoandikwa mAh 20,000, yaani Ah 20. Seli za ndani yake ni za volti 3.7, kwa hiyo ina wati-saa 74. Betri ya skuta ya volti 72 yenye Ah 20 hizo hizo ina wati-saa 1,440. Zote mbili ni "ishirini", na moja imeishinda nyingine zaidi ya mara 19. Kwa hiyo zidisha volti kwa ampea-saa kila mara. Ile arobaini na tano yetu, kwa volti 72, inatoa wati-saa 3,240, yaani kWh 3.24. Hizo ni uniti zile zile unazonunua kwa tokeni ya stima nyumbani.

Ukiifungua betri ya namna hiyo (usiifungue) utakuta vijiseli vinavyofanana na betri za tochi. Mara nyingi ni seli 20 zilizofuatana, kila moja volti 3.6, na hapo ndipo volti 72 zinapopatikana. Kama kila seli ina Ah 5, mafungu tisa yaliyowekwa sambamba yanaleta Ah 45. Jumla seli 180. Hapa ndipo kitako cha gorogoro kinapobonyezwa kwa urahisi, kwa sababu betri hiyo ikijaa kabisa husoma volti 84. Anayezidisha 45 kwa 84 anapata 3,780, na ameshaongeza wati-saa 540 ambazo hazimo, maana volti hizo 84 hushuka mara tu unapoanza kuendesha.

Hata namba ya haki ina masharti yake. Kiwandani seli hupimwa kwenye chumba cha nyuzi joto kama 25, ikitolewa umeme polepole kwa saa kadhaa mpaka ikauke kufikia kikomo kilichowekwa. Barabarani mota inavuta kwa pupa, na saketi ya ulinzi hukata kabla seli hazijafika chini. Kwa lithiamu upungufu huo ni mdogo. Kwa betri za asidi na risasi, ambazo bado zimo kwenye skuta za bei nafuu, ni balaa. Betri ya asidi ya Ah 20 mara nyingi hupimwa kwa saa 20, ikitoa ampea moja tu. Ifunge kwenye skuta inayovuta ampea 20 na zaidi ya theluthi ya kilichoandikwa huenda usikione kamwe. Na ukikimaliza kilichobaki kila siku, betri hiyo haitadumu.

Wavuvi wa omena walikutana na mambo haya kabla ya watu wa boda. Mwaka 2008 kampuni ya OSRAM ilifungua kituo cha sola Mbita, ambapo mvuvi aliweka amana, akachukua taa na betri iliyojaa, akarudi asubuhi kuichajisha kwa ada badala ya kununua mafuta ya karabai. Baadaye ikaja WeTu, iliyoanzishwa na shirika la Siemens Stiftung, ikiendesha vituo vya aina hiyo kando ya Ziwa Victoria na kuingia pia kwenye pikipiki za umeme. Ninachokipenda kwa mvuvi ni swali lake. Haulizi ampea-saa ngapi. Anauliza kama taa itafika alfajiri, kwa sababu usiku usio na mwezi ndio kipimo chake.

Mwenye boda naye ana usiku wake, nao ni kupanda mlima. Tuseme pikipiki, dereva na abiria pamoja ni kilo 270, na kwenye tambarare wanatumia wati-saa 40 kwa kilomita, makadirio yangu ya wastani. Safari ya Ahero, kilomita kama 25 kupitia uwanda wa Kano, inakula wati-saa 1,000. Maseno nako ni kilomita kama 25, ila kuko juu ya Kisumu kwa mita 350 hivi. Kuinua kilo 270 mita hizo 350 kunahitaji wati-saa 257 zaidi, na kwa kuwa mota hupoteza kama sehemu moja kwa tano kwa joto, betri inatoa zaidi ya 320. Jumla 1,320. Mteremko wa kurudi utakufidia kiasi, lakini abiria mwingine anayetaka kwenda Luanda, mbele ya Maseno, hatasubiri hesabu hiyo. Tangazo la "kilomita 80" kwa chaji moja lilipimwa kwenye tambarare. Lilipimwa Ahero, kwa maneno mengine, hata kama aliyelipima hajawahi kufika huko.

Anayebadilisha betri kwenye kituo anaweza kuruka hesabu nyingi kati ya hizi: seli zikichakaa ni hasara ya mwenye kituo, mradi bei ifuate umeme aliouchukua na si idadi ya betri alizobadilisha. Anayenunua betri iwe yake ndiye ninayemhofia.

Huyo ana mita ya tokeni ukutani. Aendeshe mpaka pikipiki ijizime yenyewe, arudi nyumbani akiisukuma kama lazima, azime friji na kila kitu kingine, aandike uniti zilizobaki, kisha achajishe mpaka taa ya chaja iwe kijani, asome mita tena. Chaja hupoteza asilimia 10 hadi 15 kwa joto, kwa hiyo betri mpya ya kWh 3.24 ivute uniti 3.6 mpaka 3.8 kwenye mita. Iliyochakaa hadi asilimia 80 itachukua karibu 3. Ikiwa ni mpya na mita imekula 2.4, aipige picha mita, atoe risiti alikoiweka, arudi dukani siku hiyo hiyo kabla muda wa dhamana haujaisha.