Mwana wa Liyongo na Suala la Mhusika Anayesadikika

Mwalimu mwenzangu, tufunzapo usawiri wa wahusika aghalabu tunamtaja Fumo Liyongo kuwa kielelezo cha shujaa: mrefu, mwenye nguvu, malenga. Sifa hizo zajibu swali la mtihani, lakini hazimwelekezi mwanafunzi namna ya kumuumba mhusika anayesadikika. Katika Utendi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka wa 1913, anayestahili kuchunguzwa zaidi ni mwana aliyemuua babake.

Kwa nini tunamsadiki? Mtunzi hakutosheka kumwita msaliti. Amempa tamaa: ameahidiwa binti wa mfalme na cheo. Amempa hofu: hathubutu kumkabili babake, bali anamngoja alale usingizi mzito. Naye baba anatambua kuwa mwana ametumwa, hata hivyo anamfichulia siri ya sindano ya shaba kitovuni. Nguvu za Liyongo ni za kimighani. Udhaifu wa wawili hawa ni wa kibinadamu, na ndio unaotufanya tuziamini hata nguvu zenyewe.

Mighani hii ni ya nyumbani kwa walimu wa Garsen na Tana River kwa jumla. Kipini, penye mlango wa Mto Tana, wenyeji huonyesha panaposemwa kuwa kaburi la Liyongo. Huku ni rahisi mwanafunzi kumchora Mworma kuwa mkali mwenye fimbo, na Mpokomo kuwa mkulima mwenye kinyongo. Hao ni wahusika bapa. Baada ya mapigano ya 2012 na 2013, yaliyoua watu zaidi ya 100, ubapa huo si dosari ya kisanaa tu. Unamzoesha kijana kumwona jirani kama kabila lisilo na uso.

Jaribu zoezi hili darasani. Mfugaji amefika kwenye malka, njia ya mifugo ya kwendea mtoni. Ng'ombe wana kiu, na mbele yake pana mpunga unaokaribia kuvunwa. Mwanafunzi asimulie tukio hilo mara mbili: kwanza kwa jicho la mfugaji, kisha kwa jicho la mwenye shamba. Kila mmoja awe na anachokitaka, anachokiogopa, na jambo moja liwezalo kumzuia asinyanyue mkono. Asiyeliona jambo hilo kwa mmoja wao bado hajamjua mhusika wake; mrudishie daftari aendelee kuandika.