Mchezo na Ukimya: Mkakati katika Tamthilia ya Mzalendo Kimathi

Utangulizi

Katika Kiswahili neno 'mchezo' lina maana zaidi ya moja. Bao ni mchezo. Maigizo ya jukwaani nayo ni mchezo. Upacha huu wa maana unamfaa mhakiki anayetaka kuisoma tamthilia kwa mwanga wa nadharia ya michezo, yaani taaluma inayochunguza jinsi watu wanavyoamua la kufanya pale ambapo matokeo ya uamuzi wa kila mmoja hutegemea uamuzi wa wengine. Msingi wa nadharia hiyo uliwekwa na John von Neumann na Oskar Morgenstern mwaka 1944, na John Nash akaiendeleza kuanzia 1950. Katika muongo huohuo wa 1950, kwenye misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, maamuzi ya aina hiyo yalikuwa suala la kufa na kupona.

Makala haya yanaichunguza Mzalendo Kimathi (1978), tafsiri ya Raphael Kahaso ya tamthilia ya Ngugi wa Thiong'o na Micere Githae Mugo iliyochapishwa kwa Kiingereza mwaka 1976. Aghalabu tamthilia hii husomwa kama tamko la kiitikadi. Usomaji huo una mashiko, lakini unakiacha kando kiunzi cha kazi yenyewe, ambacho ni mfululizo wa mapatano yanayopendekezwa na kukataliwa. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba ukimya wa Kimathi kortini ni hatua ya kimkakati, na kwamba hatua hiyo ina gharama ambayo tamthilia imeikwepa.

Mtanziko wa wafungwa

Mfano mashuhuri zaidi katika nadharia hii ni mtanziko wa wafungwa. Washukiwa wawili wanahojiwa kila mmoja mahali pake. Wote wakinyamaza, watapata adhabu nyepesi. Mmoja akimsaliti mwenzake, msaliti huachiliwa na aliyenyamaza hubeba mzigo wote. Wote wakisalitiana, wote huumia. Kila mmoja akijihesabia faida yake peke yake, ataona heri asaliti, ingawa kwa pamoja wangefaidika kwa kunyamaza.

Historia ya Nyeri inautia mfano huu nyama na damu. Waruhiu Itote, aliyejulikana kama Jenerali China, alikamatwa Januari 1954 na kuhukumiwa kifo. Alikubali kuwa mpatanishi kati ya serikali na wapiganaji, na adhabu yake ikabadilishwa. Mazungumzo hayo yalivunjika Aprili 1954. Afisa aliyeshiriki katika jitihada hizo, na ambaye baadaye aliongoza msako wa Kimathi, alikuwa Ian Henderson, mtu aliyekulia Nyeri na kukisema Kigikuyu kwa ufasaha.

Katika tamthilia afisa huyo amefinyangwa upya kuwa Shaw Henderson. Anapomwendea Kimathi seluni anamwahidi uhai iwapo atawatoa wenzake. Kinachotafutwa hapo ni zaidi ya habari. Henderson anajaribu kuugeuza mchezo wa umma mzima uwe mchezo wa watu wawili, tena unaochezwa mara moja tu. Wanaofuata seluni, wakiwemo wenye benki, wafanyabiashara, mwanasiasa na kasisi, wanabadilisha bei lakini hawabadilishi kanuni: kila mmoja anamtaka Kimathi ajihesabu peke yake. Kimathi anashinda kila jaribio kwa sababu hesabu yake ina watu wengi kuliko wanaokaa mbele yake. Kortini ananyamaza, na anapofungua kinywa anahoji haki ya korti kumhukumu. Kukana au kukiri shitaka kungekuwa kukubali ubao wa adui na kete zake.

Hukumu ya msituni

Hata hivyo, sehemu iliyo na uzito mkubwa zaidi wa kimkakati haiko kortini. Ni pale Kimathi anapokuwa hakimu msituni, na miongoni mwa wanaoshitakiwa kwa usaliti yumo Wambararia, nduguye wa damu. Thomas Schelling, katika kitabu chake cha mwaka 1960, alionyesha kwamba tishio huwa na nguvu iwapo tu wanaotishwa wanaamini litatekelezwa. Kiapo cha wapiganaji kilikuwa tishio la namna hiyo: kilipandisha gharama ya usaliti na kukifanya kimya cha kila mmoja kitegemewe na wote. Kimathi anaposita kumwadhibu nduguye, na washitakiwa wakapata kutoroka, kiapo chote kinapungukiwa. Kikulacho ki nguoni mwako. Hapa waandishi wamemwumba shujaa mwenye ufa, na ufa huo ndio unaomfanya aaminike kisanaa.

Mvulana na Msichana wanairudia hali hiyo kwa udogo wake. Mwanzoni wanagombania vijisenti, na kila mmoja anamwona mwenzake kuwa adui. Mwanamke ndiye anayewapa jukumu linalozidi faida ya mmoja. Imani kati yao haichipuki kwa mahubiri; inajengwa kwa kazi hatari ambayo hakuna awezaye kuikamilisha peke yake.

Ukimya na kumbukumbu za kesi

Kesi yenyewe ilisikilizwa Nyeri Novemba 1956, baada ya Kimathi kukamatwa tarehe 21 Oktoba. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Kumbukumbu za kesi, zilizochapishwa mwaka 2017 chini ya uhariri wa Julie MacArthur, zinaonyesha kwamba alikana mashitaka, akatoa ushahidi, na kudai kwamba alikuwa njiani kujisalimisha. Kimathi huyo aliingia mchezoni na kuzitumia kanuni za adui kuutafuta uhai wake.

Tamthilia si hati ya korti, na msanii ana uhuru wa kuumba. Lakini uamuzi wa kisanaa nao una gharama. Kwa kumfanya Kimathi asiyejadiliana kabisa, waandishi wamempa hadhira shujaa safi, na papo hapo wamewafungia mlango watu wa aina ya Itote, waliojadiliana wakiwa chini ya kivuli cha kitanzi. Katika ulimwengu wa tamthilia anayezungumza na adui huelekea kuwa msaliti. Nadharia ya michezo inakataa wepesi huo: mtu mmoja huweza kunyamaza leo na kujadiliana kesho bila kubadilisha lengo, kwa kuwa hali ya mchezo imebadilika.

Hitimisho

Imedhihirika kwamba dhana za mkakati zinaweza kufichua muundo ambao uhakiki wa kiitikadi peke yake hauufikii. Nadharia hii nayo ina mpaka wake. Inaweza kueleza kwa nini Kimathi wa jukwaani anakataa mapatano. Haiwezi kueleza kwa nini uhai wa wengi umekuwa faida yake mwenyewe. Swali hilo la pili ni la fasihi. Kazi inayowasubiri watunzi wa Kiswahili ni kumwandika Kimathi wa pili, yule aliyesimama kizimbani Nyeri akajitetea, bila kumpunguzia ushujaa wake.