Wembe Usio na Ngoma: Tohara ya Wasichana Riwayani na Mjini

Wahakiki wengi wameisoma The River Between (1965) ya Ngũgĩ wa Thiong'o kuwa riwaya ya mgongano wa tamaduni. Muthoni, binti wa mhubiri Joshua, ataka kuwa Mkristo na pia mwanamke kamili kwa mila ya kabila lake. Anatahiriwa kwa hiari yake. Jeraha linakataa kupona, naye anakufa. Kifo chake hugeuka hoja baina ya kanisa na mila, na maumivu yake yakasahaulika.

Usomaji huo wategemea kuwako kwa ngoma, mto, marika na mafunzo, wembe ukiwa sehemu tu ya mambo hayo. Lakini tuitazame Nairobi. Miongoni mwa Wanubi wa Kibera, na miongoni mwa Wakisii waliohamia mitaa kama Kawangware, zimo familia ambazo hazijaiacha desturi hii. Kwa kuwa sheria ya 2011 imeiharamisha, hutendwa kwa siri: wasichana wengine hupelekwa mashambani wakati wa likizo, wengine hukatwa na wauguzi. Hapana ngoma, hapana rika, hapana somo. Kilichosalia ni wembe, na mtoto asiyeulizwa.

Yafaa tukumbuke unyago wa Pwani, ambao kwa kawaida humfunza mwari bila kumkata. Basi mafunzo yaweza kuwako pasipo wembe. Mjini twaona wembe pasipo mafunzo. Je, hapo mhakiki anatetea utamaduni gani?

Lugha nayo ina lawama yake. Tohara asili yake ni usafi. Atumiaye neno hilo amekwisha kukubali kwamba msichana alikuwa na uchafu. Kukeketa ni kukata kwa kisu butu. Neno hili ni kali, na huenda likamuumiza mama aliyetendwa hivyo naye, lakini halifichi tendo.

Machi 2021 Mahakama Kuu ya Kenya ilikataa ombi la kuitangua sheria hiyo, lililotetea hiari ya mwanamke mzima. Hiari ndiyo hoja ya Muthoni. Hata tukimpa Muthoni hoja yake, haimfai mtoto wa Kibera, ambaye Katiba ya 2010, ibara ya 53, yamkinga na mila zenye madhara. Uhakiki wetu hauna budi kuanza na jeraha, ndipo uje kwenye mgongano wa tamaduni.