BTS walivyoliunda tamko lao

Machi 16, 2021, mtu mwenye bunduki alivamia vituo vitatu vya masaji, viwili jijini Atlanta na kimoja nje ya jiji, akaua watu wanane. Sita walikuwa wanawake wenye asili ya Asia. BTS, kundi la muziki la vijana saba wa Korea Kusini, hawakusema kitu hadi Machi 30. Walipoandika Twitter, kwa Kikorea na Kiingereza, kulaani ubaguzi dhidi ya Waasia, ujumbe wao ndio uliosambazwa upya kuliko wowote duniani mwaka ule.

Wapo wanaosema ni wingi wa mashabiki tu. Mashabiki walichangia, hilo halina ubishi, lakini tamko lenyewe lilisukwa na watu wanaojua kazi yao. Linaanza na pole kwa wafiwa, kisha hasira, halafu linashuka hadi kwenye mambo madogo: kutukanwa bila sababu, kuchekwa sura, hata kuulizwa kwa nini Mwasia azungumze Kiingereza. Hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Matusi kila msanii huyataja. Swali la namna ile hulikumbuka aliyeulizwa, na msomaji hana pa kulipingia. Papo hapo wanakiri kwamba yao si kitu mbele ya yaliyotokea wiki zile. Bila kauli hiyo wangeambiwa wamedandia msiba wa watu. Na ukimya wa wiki mbili? Wanaujibu humohumo: walihitaji muda wa kujadiliana.

Hitimisho walilichukua, neno kwa neno, kwenye ujumbe wao wa Juni 2020 wa kuwaunga mkono Wamarekani weusi, kipindi ambacho wao na kampuni yao walitoa dola milioni 1 kwa vuguvugu la Black Lives Matter. Ni ufundi wa hali ya juu: nani tena atawaambia wameamka kwa kuwa safari hii wameguswa wao?

Tamko lilipopwaya ni kwenye madai. Halitaji Atlanta, halimtaji muuaji, wala halimtaki mwenye mamlaka afanye lolote. Kulaani ubaguzi kwa ujumla hakumgharimu mtu. Pengo hilo walilipunguza Mei 31, 2022, walipoalikwa Ikulu ya Marekani: kiongozi wao, RM, alimshukuru Rais Biden kwa kutia saini sheria ya mwaka 2021 dhidi ya uhalifu wa chuki uliozuka wakati wa Uviko-19.