Nanoboti Zinazokwenda kwa Mkojo

Mafuta yake ni mkojo! Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonikamata nilipoifungua ripoti hii, na sikuiweka chini mpaka nikafika kwenye mchoro wa mwisho. Huko Barcelona wametengeneza chombo kidogo kuliko bakteria wengi, wakakiingiza kwenye kibofu cha panya mwenye saratani, nacho kikajiendesha chenyewe ndani ya mkojo, kikaukuta uvimbe, kikapenya ndani yake na kuuchoma kwa mionzi. Kwa dozi moja tu uvimbe ukapungua kwa takriban asilimia 90. Tisini!

Chombo chenyewe kinaitwa nanoboti. Ripoti ilitoka Januari 2024 katika jarida la Nature Nanotechnology, na waliosimamia kazi ni Samuel Sánchez wa IBEC, taasisi ya uhandisi wa kibaiolojia ya Barcelona, na Jordi Llop wa kituo cha CIC biomaGUNE kule San Sebastián. Wataalamu wa IRB Barcelona na wa Universitat Autònoma de Barcelona wamo pia. Ukipita kwenye orodha ya kazi zilizofanyika unaelewa kwa nini ilihitajika jeshi zima. Mmoja anajua kutengeneza chembe za silika, mwingine anajua vimeng'enya, mwingine mionzi, mwingine hadubini, na wote wanakutana ndani ya kibofu cha panya kinachojaa kwa matone machache tu ya mkojo.

Kwanza tuone wanapambana na nini. Saratani ya kibofu ikigunduliwa kabla haijazama kwenye msuli, daktari hukwangua uvimbe kwa kifaa kinachopitishwa kwenye njia ya mkojo, kisha dawa huingizwa kwa mpira moja kwa moja kibofuni. Mara nyingi dawa hiyo ni BCG. Ndiyo, BCG ileile ya kifua kikuu, ile iliyotuachia wengi wetu kovu begani tangu utotoni! Alvaro Morales na wenzake kule Kingston, Canada, ndio walioonyesha mwaka 1976 kwamba ukiiweka kibofuni inaamsha kinga ya mwili ipambane na saratani, na hadi leo mgonjwa huanza kwa kuwekewa mara moja kwa wiki kwa wiki sita. Wengine huwekewa dawa za kemo kwa njia hiyohiyo. Mgonjwa anaibana dawa kwa saa moja au mbili, kisha anakwenda kukojoa, na sehemu kubwa ya dawa inaondoka naye chooni.

Wagonjwa wengi wanaishi, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini karibu nusu ya uvimbe wa aina hii hurudi ndani ya miaka mitano, na mgonjwa anaweza kuitwa hospitali mara 6 hadi 14 kwa ajili ya tiba. Tatizo moja ni la kimaumbile kabisa. Dawa ikiwekwa kibofuni haina miguu. Inatulia chini kama sukari kwenye kikombe cha chai kisichokorogwa, huku figo zikiendelea kuteremsha mkojo na kuizimua. Uvimbe ulioota juu, upande wa pili, unapata makombo.

Sasa tazama walichofanya Barcelona. Huo mkojo unaoharibu dawa wameugeuza kuwa nguvu ya kuisukuma dawa.

Tuanze na mwili wa nanoboti. Ni tufe la silika, maada ileile inayotengenezewa kioo cha dirisha, lenye upana wa nanomita 450 hivi. Ukizipanga zaidi ya elfu mbili kwa mstari ndipo unapata milimita moja. Na tufe hili limejaa vitundu. Namna ya kuvitoboa ndiyo inayonifurahisha: hakuna anayetoboa. Unachanganya malighafi ya silika na molekuli za aina ya sabuni, ambazo kwa tabia yake hujikusanya zenyewe kuwa vijiti vidogo mno, silika inaganda kuvizunguka, kisha unaiosha sabuni yote. Kila mahali palipokuwa na kijiti panabaki tundu. Eneo la uso linaongezeka kupita kiasi, na penye uso mkubwa pana nafasi ya kubandika vitu.

Kinachobandikwa ndiyo injini yenyewe, kimeng'enya kiitwacho yurease. Kazi yake ni moja: kukamata molekuli ya yurea, ile taka ya nitrojeni ambayo figo huitoa kwenye damu na kuijaza kwenye mkojo, na kuipasua kwa msaada wa maji ipatikane amonia na hewa ukaa. Yurea ikiachwa peke yake kwenye maji inakaa miaka bila kupasuka. Mbele ya yurease inapasuka papo hapo, tena na tena, maelfu ya molekuli kwa sekunde kwa kila kimeng'enya kimoja. Na katikati ya kimeng'enya hicho, pale kazi inapofanyika, zimekaa atomi mbili za nikeli.

Yurease si mgeni katika historia ya sayansi, na siwezi kupita hapa bila kumtaja James Sumner. Alikuwa Mmarekani aliyepoteza mkono wa kushoto kwenye ajali ya uwindaji akiwa kijana, naye alikuwa wa shoto. Akajifunza upya kuandika, kucheza tenisi na kushika chupa za maabara kwa mkono uliobaki. Mwaka 1926, kule Chuo Kikuu cha Cornell, baada ya miaka tisa ya kuhangaika na unga wa aina moja ya maharage makubwa meupe, aliona chini ya hadubini vifuwele vidogo. Ilikuwa yurease safi, kimeng'enya cha kwanza duniani kupatikana kikiwa kifuwele, na ushahidi kwamba vimeng'enya ni protini. Wakubwa wa kemia wa Ujerumani walimkatalia kwa miaka. Nobel ilimfikia mwaka 1946. Karibu karne moja baada ya vile vifuwele vyake, kimeng'enya hichohicho kinaendesha chombo ndani ya kibofu!

Lakini kupasua yurea kunasukumaje tufe? Katika ukubwa huu maji yana sheria nyingine. Hakuna kuserereka: ukiacha kusukuma, unasimama palepale. Na tufe likisukumwa sawasawa pande zote halisogei, linatikisika tu. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba injini lazima ibandikwe upande mmoja. Kundi la Sánchez lilionyesha mwaka 2018 kwamba si lazima. Vimeng'enya vikitawanyika ovyo juu ya uso havitoshani kamwe; upande huu vimesongamana, upande ule vimepungua, na tofauti hiyo ndogo inatosha kuleta mwendo, mradi viwe vingi vya kutosha. Yaani ile kasoro ambayo mhandisi angetaka kuirekebisha ndiyo inayoendesha chombo. Hapa nilisimama nikacheka kwa furaha.

Kisha ukaja mwaka 2021. Katika jarida la Science Robotics walionyesha nanoboti hizi zikienda kwa makundi. Video zake zinastahili kutazamwa taratibu. Tone la chembe zilizokufa, zisizo na yurea ya kula, linabaki pale lilipodondoshewa, doa tulivu. Tone la pili limedondoshwa kwenye maji yenye yurea, na doa halikai: linafumuka, linarusha mikono, mawimbi ya chembe yanazunguka na kurudiana mpaka chombo chote kimeenea. Wakafanya hivyo pia ndani ya kibofu cha panya hai, wakizifuatilia kwa PET, kipimo cha picha kinachonasa mionzi kutoka ndani ya mwili. Chembe zisizo na injini zilitulia upande mmoja. Zenye injini zilienea kibofu kizima. Dawa imepata miguu.

Mwaka 2024 wakaleta panya wenye uvimbe, na hapo ndipo penye jambo lililoniacha mdomo wazi. Nanoboti hizi hazina kingamwili ya kuutambua uvimbe. Hazijaambiwa saratani iko wapi. Hata hivyo PET ilionyesha zikijikusanya kwenye uvimbe mara nane zaidi. Kwa nini? Ukuta wa kibofu usio na saratani umeumbwa usipitishe kitu, maana kazi yake ni kuzuia mkojo usirudi mwilini; nanoboti zinaugonga na kurudi. Uvimbe una ukuta uliovurugika, ni kama sponji. Na kila nanoboti, kwa kutoa amonia, inapunguza uasidi pale ilipo na kulegeza ule utando wa protini unaozishika seli za uvimbe pamoja. Moshi wa injini unafungua njia! Sijawahi kusoma chombo cha tiba ambacho taka yake yenyewe inafanya nusu ya kazi.

Kuthibitisha kwamba kweli zimezama ndani, si kushikilia juu tu, kulihitaji hadubini ambayo haikuwepo dukani. Wataalamu wa IRB Barcelona walikiosha kibofu kwa kemikali mpaka kikawa angavu, wakakikata kwa karatasi nyembamba ya mwanga badala ya kisu, tabaka baada ya tabaka. Mwanga unaotawanywa na nyama na ule unaotawanywa na chembe za silika hautofautiani kirahisi, basi wakatumia mwelekeo wa mawimbi ya mwanga kuuzima ule wa nyama ukabaki ule wa nanoboti. Bila rangi wala kibandiko chochote. Picha inaonyesha uvimbe mzima na nanoboti zimetapakaa ndani yake. Hata kama kazi ingeishia hapo, ningeisifu.

Haikuishia hapo. Walizipakia iodini-131, ileile ambayo wagonjwa wa saratani ya tezi ya shingo wamekuwa wakimezeshwa kwa miongo mingi. Nusu uhai wake ni siku nane, na chembe za beta inazorusha hufika milimita moja au mbili tu ndani ya nyama, kwa hiyo anayeungua ni jirani wa karibu. Ukiiweka ikielea kwenye mkojo haina maana. Ukiipeleka ndani ya uvimbe kwa chombo kilichojichimbia humo, unapata ile asilimia 90.

Nimesema panya, na nasema tena panya. Kibofu cha mtu mzima kinabeba mililita 400 hadi 500, na kuogelea humo ni safari nyingine kabisa. Yurease nayo ina upande wake mbaya ambao madaktari wa mfumo wa mkojo wanaujua vizuri: bakteria kama Proteus hutumia kimeng'enya hikihiki kupunguza uasidi wa mkojo, na matokeo yake ni mawe. Dozi moja inayotolewa nje upesi si sawa na maambukizi ya wiki nzima, lakini ningependa kuona kipimo hicho kikifanywa kwa muda mrefu, wazi, na namba zake. Tena kuna usimamizi wa mkojo wenye mionzi, jambo linalotaka chumba maalumu na watu waliofunzwa.

Na kuna swali linalotuhusu sisi moja kwa moja. Kichocho cha mkojo, kile kinachowafanya watoto wakojoe damu, ambacho Unguja na Pemba zimepambana nacho kwa miongo, kimeorodheshwa na IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, miongoni mwa visababishi vya hakika vya saratani ya kibofu. Mara nyingi saratani hiyo ni ya seli bapa, si ile ya utando wa kawaida wa kibofu inayoongoza Ulaya. Ukuta wa kibofu chenye saratani hiyo umejaa makovu na mayai ya minyoo yaliyogeuka chokaa. Je, nanoboti ingepenya humo? Amonia ingelegeza kovu? Hili ni jaribio ambalo maabara ya Afrika Mashariki ingeweza kulidai, kwa sababu wagonjwa wenyewe wako kwetu na vielelezo vya nyama viko kwenye hospitali zetu.

Timu ya Barcelona walisema hatua iliyofuata, ambayo tayari walikuwa wameianza, ni kuangalia kama uvimbe unarudi baada ya tiba. Hicho ndicho kipimo ninachokingoja kwa hamu kubwa kuliko vyote, kwa sababu kurudi ndiko kunakowachosha wagonjwa hawa. Sánchez na mwenzake Ana Hortelao wameshaanzisha kampuni, Nanobots Therapeutics, ya kuivusha teknolojia hii kutoka maabara kwenda hospitali. Silika ni rahisi kutengeneza, yurease inatoka kwenye maharage, na mafuta mgonjwa anakuja nayo mwenyewe. Siku jaribio la kwanza kwa binadamu likifunguliwa, nitakuwa wa kwanza kulisoma.