Kijistari Kilichoinamia Kushoto

Msomaji wa Kyela akifungua Agano Jipya la Kinyakyusa kwenye simu, hukuta ukurasa uliopangika: vichwa vya habari vimekolezwa, namba za mistari ni ndogo na zimepandishwa juu kidogo, mashairi yameingizwa ndani. Chimbuko la ukurasa huo ni faili la maandishi matupu, lisilo na wino mzito, rangi wala ukubwa wa herufi. Kulitoa faili hilo lilipo hadi kwenye kioo cha simu ni kazi inayostahili kutazamwa bila haraka.

Shirika la SIL, lenye ofisi Mbeya, limeshughulika kwa miaka mingi na lugha za Nyanda za Juu Kusini: Kinyakyusa, Kindali, Kimalila, Kisafwa, Kivwanji, na Kikisi cha mwambao wa mashariki wa Ziwa Nyasa. Watafsiri wa Biblia huandika kwa utaratibu uitwao USFM. Kila kipande cha matini hutanguliwa na alama inayoanza kwa kijistari kilichoinamia kushoto. Habari ya dhoruba ziwani katika Injili ya Marko, ambayo mtu wa Matema aliyewahi kuona ziwa likichafuka hahitaji kufafanuliwa, huanza hivi:

\s Yesu atuliza dhoruba
\p
\v 35

Alama ya kwanza inatangaza kichwa cha habari, ya pili aya mpya, ya tatu mstari wa 35. Hakuna inayosema "koleza" wala "weka katikati". Mtafsiri anataja kitu ni nini, basi. Namna kitakavyoonekana itaamuliwa baadaye, kwenye faili jingine, na mtu mwingine. Naye huyo wa pili hana ruhusa ya kugusa neno hata moja. Mipaka hiyo ndiyo inayonivutia kuliko yote, maana kila mmoja analindwa dhidi ya pupa ya mwenzake.

Ugumu unaanzia kwenye kugeuza faili la USFM kuwa ukurasa wa HTML. HTML, lugha ya kurasa za tovuti, hutaka vitu vikae ndani ya vingine, na kilichofunguliwa mwisho kifungwe kwanza. Aya na mistari ya Biblia haifuati sharti hilo. Mgawanyo wa mistari ya Agano Jipya tunaoutumia leo ulitoka kwa mchapaji Robert Estienne mwaka 1551, na haukupangwa kwa kufuata aya za mtafsiri wa Kinyakyusa. Mstari unaweza kuanzia katikati ya aya moja na kuishia ndani ya nyingine. Ukiufanya mstari kuwa kisanduku, aya inapasuka. Kwa hiyo fundi anayegeuza faili anaifanya aya kuwa kisanduku, na mstari anauwekea namba tu mahali unapoanzia, namba yenye anwani yake ili mtu aweze kuelekezwa hapo. Kisha anaunganisha namba na neno la kwanza kwa nafasi isiyokatika, namba isije ikabaki yatima ukingoni mwa kioo huku neno lake limeshukia chini.

Mashairi yana mtihani wake. Alama ya \q1 ni mshororo wa kawaida, \q2 ni mshororo ulioingia ndani kidogo. Kwenye kitabu nafasi inatosha. Kwenye simu ya bei nafuu mshororo mrefu hukatika, na kipande kilichobaki kikianzia ukingoni msomaji atadhani ni mshororo mpya. Fundi makini hukisukuma kipande hicho ndani zaidi hata ya \q2. Sheria yenyewe haizidi maneno machache ya CSS, lugha ya mitindo ya kurasa, lakini asiyewahi kusoma Zaburi kwenye kioo chembamba hatakumbuka kuiandika.

Halafu kuna herufi. Kinyakyusa kina irabu saba, na katika tahajia ya Agano Jipya hilo irabu mbili kati ya hizo zimepewa herufi zilizokatwa kwa mstari: ɨ na ʉ. Mtu ni ʉmʉndʉ. Maneno mengi huanza na ʉ, kwa hiyo sentensi nyingi huhitaji Ʉ kubwa. Herufi ndogo ʉ ilikuwamo kwenye orodha ya herufi ya Unicode tangu miaka ya 1990, lakini Ʉ kubwa iliingizwa mwaka 2006 tu. Hata leo, fonti isiyo na herufi hizo humwekea msomaji visanduku vitupu. Ndiyo maana fundi hutaja fonti kama Andika au Charis, zote za SIL, na hutangaza mwanzoni mwa ukurasa kwamba lugha ni nyy, ambao ndio utambulisho wa Kinyakyusa kimataifa.

Agano Jipya lina sura 260, kila sura na ukurasa wake. Rangi ya vichwa ikibadilishwa kwenye faili la mitindo, kurasa zote 260 hufuata. Neno likisahihishwa kwenye faili mama, kurasa huzalishwa upya, na maandishi yale yale hutoa kijitabu cha kuchapwa kwa msomaji wa Karonga, ng'ambo ya mto Songwe, ambako wasemaji wa lugha hii huitwa Wangonde.

Ukitaka kumpima fundi, acha rangi, tazama mistari iliyounganishwa. Mara nyingine sentensi haikai sawa katika Kinyakyusa mpaka mstari wa 3 na wa 4 isemwe kwa pamoja, na mtafsiri huandika \v 3-4. Programu ya ovyo itamwambia anayeutafuta mstari wa 4 kwamba haupo. Iliyofikiriwa vizuri itamfikisha pale pale, kwenye 3-4, na mtafsiri hatalazimika kuharibu sentensi yake ili kuiridhisha mashine.