Ukumbusho wa Lumumba Kisangani: kaburi lisilo na maiti

Mgeni anayefika Kisangani anatembezwa kwa njia ile ile siku zote: kanisa kuu la Bibi Yetu wa Rozari kwenye ukingo wa mto, wavuvi Wagenia katika maporomoko, halafu kati ya mji, kwenye uwanja wa Posta, kusikia habari za Lumumba. Siku moja nilifuatana na mwalimu aliyekuwa na watoto wa shule. Alisema vizuri: hapa Patrice Lumumba alikuwa karani wa posta, hapa Stanleyville chama chake cha MNC kilikutana mwezi wa Oktoba 1959, watu wakafa katika fujo, naye akatiwa kifungoni. Mtoto mmoja akauliza: «Na kaburi lake liko wapi?» Mwalimu akatazama saa yake, akasema twende.

Ulizo hilo lilistahili jibu, maana bila jibu hatuwezi kufahamu ukumbusho wa zamani ulikuwa kitu gani.

Lumumba aliuawa karibu na Élisabethville tarehe 17 Januari 1961, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Maiti zilifukuliwa, zikakatwa, zikayeyushwa katika asidi. Watu wa Stanleyville hawakupata kitu cha kuzika. Sisi tunajua matanga bila maiti ni nini: watu wanakaa, wanalia, wala hakuna anayeweza kusema, sasa imekwisha, murudi nyumbani. Basi wakasimamisha kati ya mji ukumbusho wenye picha yake, ya ukubwa wa mtu mwenyewe, nyuma ya kioo.

Kwa kazi ya mikono ulikuwa kitu kidogo. Ulinganishe na Stanley wa shaba, kazi ya mchongaji Arthur Dupagne, aliyesimamishwa mwaka 1956 juu ya mlima Ngaliema kule Léopoldville, katika bustani nzuri, mkono juu ya macho akitazama mto. Ile ilikuwa sanamu ya fundi kweli. Lakini nani alikwenda kulia mbele yake? Mwaka 1971 ikaondolewa. Mimi naona picha ile ya kioo ilisema kweli zaidi kuliko shaba, kwa sababu waliokuja mbele yake walikuwa wafiwa.

Ndiyo maana mambo ya 1964 yanatisha zaidi. Simba waliingia mji mwanzo wa mwezi wa Agosti, na mbele ya picha ile watu wakaletwa kuuawa: wakubwa wa serikali, makarani, watu wa masomo, Wakongo wenyewe, na watu wengi wakitazama. Wengine wanasema ulikuwa ukali tu wa vita. Sikubali. Kama ni ukali tu, msitu ulikuwa karibu, na mto pia. Walichagua fasi ile. Kaburi lisilo na maiti liliitisha maiti nyingine, na matanga yasiyokwisha yakageuka kuwa sadaka. Lumumba hakuamuru hayo. Alikuwa amekufa miaka mitatu na zaidi. Lakini jina lake ndilo lililotajwa. Mwezi wa Novemba, askari wa Ubelgiji waliposhuka kwa ndege, hata mapadri na masista waliuawa katika ng'ambo ya kushoto ya mto.

Mwalimu wetu hakutaja hata neno moja la 1964. Baadaye aliniambia: «Padri, nikisema hayo, ninachafua shujaa.» Nafahamu hofu yake, tangu 1966 Lumumba ni shujaa wa taifa, na kwa haki. Lakini kunyamaza kunawaua wale wengine mara ya pili.

Katika mwaka ule ule, tarehe 1 Desemba 1964, Sista Anuarite aliuawa kule Isiro, akimsamehe aliyemwua. Mwili wake ulipatikana, ukazikwa. Tarehe 15 Agosti 1985 Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri kule Kinshasa. Watu wanakwenda kwake kuomba, wanarudi kwa amani. Sisi tunaofundisha juu ya masalio ya watakatifu tungepaswa kuwa wa kwanza kufahamu kwa nini mifupa ina maana kwa walio hai.

Basi jibu kwa yule mtoto lipo. Polisi mmoja Mbelgiji alikuwa ameficha jino la Lumumba. Tarehe 20 Juni 2022 Ubelgiji ililirudisha kwa jamaa yake, na kabla ya kuwekwa Kinshasa, katika Limete, sanduku lilipita hapa Kisangani. Jino moja tu! Hata hivyo watu walilipokea kama maiti nzima, kwa kilio na nyimbo. Matanga ya 1961 yalipata mwisho wake.

Matanga ya 1964 bado. Waliouawa mbele ya picha walikuwa wana wa parokia zetu, na wazee walioona wamebaki wachache. Makatekista wanawajua. Wawaendee sasa, waandike majina katika daftari ya parokia, na Misa ya tarehe 17 Januari isomwe kwa ajili ya Lumumba pamoja na hao, wote kwa majina yao.